Usukani wa pikipiki ya lami na porini: vipimo kwanza, mng'ao baadaye

KIGWENA, Rumonge – Pikipiki ikianguka na bidoni za mawese kwenye njia ya mlimani, kazi ya kwanza ni kuokoa mafuta. Bidoni husimamishwa, kamba hufungwa upya, na hapo ndipo dereva anapoutazama usukani. Ukiwa umepinda, mtu mmoja hubana tairi la mbele kwa magoti na mwingine huvuta, mpaka urudi karibu na pale ulipokuwa. Safari inaendelea. Mara nyingi dereva hufika salama, na ndiyo sababu desturi hii haiishi.

Lakini usukani uliopinda na kunyooshwa hauna tena nguvu ya mwanzo. Chuma kilichokunjwa kimechoka pale kilipokunjwa, hata kama jicho halioni kitu. Unaweza kudumu miezi kadhaa, kisha ukakatika kwenye shimo dogo tu, na kwa kawaida hukatikia kwenye ukingo wa kibano kinachoushika juu ya shokapu za mbele. Dereva anabaki na upande mmoja mkononi, wenye klachi au wenye breki, nyuma yake kuna mzigo wa kilo sabini na mbele kuna mteremko. Kwa msafirishaji hiyo ni hasara ya mzigo, ya chombo na pengine ya maisha. Kwa mwenye duka la spea kuna swali la aina yake: je, mteja aliuziwa usukani unaolingana na pikipiki yake, au aliuziwa uliokuwapo rafuni?

Kigwena iko kusini mwa mji wa Rumonge, kwenye tambarare ya Imbo, kati ya Ziwa Tanganyika na milima, jirani na msitu wa hifadhi wenye jina hilohilo. Barabara ya Taifa namba 3 inayotoka Bujumbura hupita ukanda huu kuelekea Nyanza-Lac na hatimaye mpaka wa Mugina, ambako upande wa pili ni Manyovu, mkoani Kigoma. Lami ni hiyo moja. Michikichi iko kila mahali, hadi juu ya vilima, na mawese yanayokamuliwa huko lazima yateremshwe kwa njia za udongo na mawe kabla ya kufika barabarani. Pikipiki inayofanya kazi hiyo ina ajira mbili kwa siku moja. Asubuhi hupanda mawe na matope, mchana hukimbia lami pamoja na malori.

Kwa kazi ya namna hiyo ndiyo zilitengenezwa pikipiki za lami na porini, zile ndefu zenye tairi za vibango na usukani mpana, kama Yamaha DT 125 na AG 200 au Honda XL 125. Aina hizi zimezoeleka Afrika Mashariki kwa miaka mingi, hasa kupitia miradi ya kilimo, afya na mashirika ya misaada, ambayo huziuza zikichoka. Pikipiki za biashara za kawaida, Bajaj Boxer na TVS, zina usukani mwembamba na mfupi zaidi, lakini si ajabu kuona Boxer iliyofungwa usukani wa pikipiki ya porini ili ishikike vizuri kwenye vumbi. Kwa hiyo maelezo yafuatayo yanawahusu wenye aina zote mbili.

KWANZA, JE, NI USUKANI KWELI ULIOPINDA?

Wafanyabiashara wengi wamerudishiwa usukani mpya na mteja mwenye hasira anayedai "bado unaenda upande". Mara nyingi usukani hauna kosa. Pikipiki ikianguka kwa ubavu, tairi la mbele hubaki limejisokota ndani ya mabamba yanayoshika shokapu, kiasi kwamba usukani ukinyooka tairi linatazama pembeni. Hapo hakuna kilichopinda. Kilichopo ni shokapu mbili ambazo haziko sambamba.

Fundi mwenye subira hulegeza bolti za mabamba hayo na ya ekseli ya mbele, hubana tairi kati ya miguu, husokota usukani kurudi upande wa pili, husukuma shokapu juu na chini mara kadhaa ili zijipange, halafu hukaza. Kazi hiyo haihitaji spea yoyote. Ikishindikana, ndipo atazame usukani wenyewe: asimame mbele ya pikipiki, hatua chache, na kulinganisha kimo cha ncha ya kulia na ya kushoto. Aangalie pia bolti zinazoshikilia vibano kutoka chini. Kwenye baadhi ya pikipiki vibano hukaa juu ya mipira ya kupunguza mtetemo, na mpira uliolegea au bolti iliyopinda hutoa dalili ileile ya usukani mbovu.

Dakika kumi za kukagua zinaokoa safari. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 70, na katika nchi ambayo imepitia uhaba mkali wa mafuta miaka ya karibuni, kurudi mjini kubadilisha spea isiyohitajika ni anasa.

UNENE: 70, 80 AU 90

Kosa linaloongoza katika ununuzi wa usukani ni unene. Bomba la usukani wa pikipiki nyingi za Kijapani, za Kihindi na za Kichina lina kipenyo cha milimita 22.2, yaani inchi saba ya nane, kuanzia kwenye mipira ya mikono hadi kwenye vibano. Pikipiki za kisasa za porini na baadhi ya spea za bei ya juu hutumia bomba linalonenepa katikati: kwenye mikono bado ni milimita 22.2, ili swichi na wenzo viingie, lakini pale penye vibano ni milimita 28.6. Iko na aina ya tatu, milimita 25.4 au inchi moja, ambayo ni ya pikipiki kubwa za lami za Kimarekani na zile zinazoziiga. Hiyo haina kazi Kigwena, ila huingia katika makontena ya mchanganyiko na huuzwa kwa asiyejua.

Usukani wa 28.6 haukai kwenye vibano vya 22.2, na usukani wa 22.2 ukiwekwa kwenye vibano vya 28.6 hauwezi kubanwa kabisa. Wapo wanaojaza nafasi kwa kipande cha kopo au mpira wa tairi la ndani. Hilo lisifanyike hata kwa safari ya kufika nyumbani. Viko vipande maalumu vya alumini vya kuziba tofauti hiyo, na kama havipo, jibu ni kununua usukani mwingine au vibano vingine.

Asiye na kalipa anaweza kupima kwa ukanda wa karatasi. Auzungushe mara moja kwenye bomba, aweke alama pale ncha zinapokutana, aunyooshe na kuupima kwa rula. Ukitoa karibu milimita 70, bomba ni la 22.2. Ukitoa karibu 80 ni la inchi moja. Ukitoa karibu 90 ni la 28.6. Kipimo kichukuliwe mara mbili, kwenye mkono na kwenye kibano, kwa sababu ni hapo katikati panapodanganya. Muuzaji anayeandika namba hizo tatu kwa kalamu ya rangi juu ya kaunta yake atapunguza ubishi mwingi.

UPANA, KIMO NA KUJIPINDA NYUMA

Usukani wa zamani, hata kama umepinda, ndiyo ramani. Usitupwe kabla ya mpya kupatikana, na dereva anayemtuma mtu mjini amkabidhi usukani wenyewe, au walau vipimo vyake vimeandikwa. "Wa DT" au "wa Boxer" ni jina tu. Chini ya jina hilo hutokea maumbo mengi.

Upana hupimwa kutoka ncha hadi ncha kwa mstari ulionyooka. Kwa pikipiki za porini mara nyingi ni kati ya milimita 780 na 850. Usukani mpana ni wenzo mrefu: unampa dereva nguvu ya kushindana na tairi la mbele linapoingia kwenye korongo la maji. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba hushika makuti ya michikichi kwenye njia nyembamba, husumbua sokoni, na pikipiki ikipandishwa kwenye boti hula nafasi ya mzigo wa mtu mwingine. Anayeshinda njiani kati ya Kigwena na mji wa Rumonge hana haja ya milimita 850. Anayepanda vilima kila siku atazitaka. Usukani mpana unaweza kukatwa, milimita 10 au 15 kila upande, lakini kabla ya kukata ni lazima swichi, wenzo na mipira vijaribiwe kwanza, kwa kuwa sehemu iliyonyooka ya bomba inaweza isitoshe.

Kimo ni umbali kutoka pale usukani unapobanwa hadi ncha zake. Ili kukipima, usukani uwekwe juu ya sakafu sawa kama unavyokaa kwenye pikipiki, sehemu ya kibano ikigusa chini, na rula isimamishwe kwenye ncha. Kujipinda nyuma ni jinsi mikono inavyorudi kuelekea kwa dereva. Dereva anayesimama kwenye vikanyagio akipita mawe hufaidika na usukani wa juu, vinginevyo analazimika kuinama na kuubebesha uzito wake wote. Anayeendesha amekaa siku nzima, abiria nyuma na bidoni pembeni, husogezwa mbele na mzigo wake mpaka akalikaribia tangi. Kwa huyo, usukani unaorudi nyuma mno utamgonga magoti akikata kona kali. Ajaribu akiwa amebeba. Kiti kitupu dukani hakiambii ukweli.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kadiri usukani unavyokuwa mrefu na mpana, ndivyo mkono wa dereva unavyokuwa mbali na kibano, na ndivyo kila shimo linavyovunja kwa nguvu zaidi pale bomba linaposhikwa. Usukani wa juu wa bomba jepesi ni mbaya kuliko usukani mfupi wa bomba hilohilo. Anayetaka kimo alipie pia unene wa ukuta wa bomba.

Mzigo nao una sauti katika hesabu hii. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina uzito wa karibu kilo 18, mbali na bidoni yenyewe, hivyo bidoni nne zinapita kilo 70, na zote ziko nyuma. Sehemu ya mbele inakuwa nyepesi, tairi linagusa ardhi kwa shida, na usukani unaanza kutikisika mikononi. Madereva wengine hujaribu kusawazisha kwa kutundika bidoni moja au furushi la dagaa kwenye usukani kila upande. Usukani hautengenezwi kwa kazi hiyo. Mzigo unaoning'inia hucheza kama kengele, hukataa kurudi katikati baada ya kona, na hutafuna bomba usiku na mchana hata wakati barabara ni laini. Dawa ya mbele nyepesi ni kusogeza mzigo mbele karibu na dereva, au kupunguza bidoni moja.

CHUMA AU ALUMINI

Mwenye duka atasifia alumini kwa wepesi na rangi zake. Ni kweli ni nyepesi, haishiki kutu kwenye hewa ya ziwa, na ile nzuri ni imara sana. Yenye ubora hutajwa kwa namba ya mchanganyiko wake: 6061 ni ya kawaida, 7075 na 2014 ni za nguvu zaidi. Usukani wa alumini usio na namba yoyote, wala jina la mtengenezaji, ununuliwe kwa tahadhari, na kwa haki ni afadhali uachwe.

Tofauti kubwa iko siku ya kuanguka. Chuma hupinda, kikaonekana kimepinda, na kikampa dereva nafasi ya kurudi polepole. Alumini ikipinda imekwisha. Kuinyoosha, iwe kwa nguvu za mikono au kwa moto wa fundi, ni kuiandaa ikatike bila taarifa. Mkwaruzo wa kina karibu na kibano nao unatosha kuanzisha ufa. Vilevile usukani wa aina yoyote usichomelewe kwa umeme wala gesi: kiungo kinaweza kuonekana kinene, lakini chuma cha pembeni yake kimedhoofika kwa joto.

Kwa pikipiki ya mizigo ya ukanda huu, usukani wa chuma wenye ukuta mnene na chuma cha kati kinachounganisha pande mbili ndio unaofaa wengi. Ni mzito kidogo, lakini gramu mia chache hazionekani mbele ya bidoni nne. Alumini nene, ya 28.6 katikati, inamfaa mwenye pikipiki ya kisasa ya porini ambayo tayari ina vibano vyake, na mwenye uwezo wa kununua mwingine baada ya kila anguko kubwa. Kupima aina, sumaku ndogo inatosha: hushika chuma na kuiacha alumini, hata kama kuna rangi juu. Unene wa ukuta huonekana kwa kuchungulia ncha ya bomba, na mizani ya dukani husaidia pia. Kati ya sukani mbili za chuma zenye umbo moja, iliyo nyepesi ndiyo yenye ukuta mwembamba.

Kuna biashara isiyopendeza ya usukani uliopinda, kunyooshwa, kupakwa rangi na kurudishwa rafuni. Dalili zake hazijifichi kwa anayetafuta. Ulazwe juu ya kaunta iliyo sawa: pande zote mbili ziguse kwa namna moja. Uangaliwe kwa urefu, kama fundi seremala anavyoangalia mbao, kwa sababu mkunjo ulionyooshwa huacha wimbi dogo. Meno madogo yaliyochongwa katikati ili kibano kishike yawe makali. Yakiwa yamelainika au yamejaa rangi, usukani huo umeshawahi kufungwa mahali.

NYAYA NDIZO ZINAZOAMUA

Dereva aliyepata usukani wa juu zaidi hugundua mambo yake barabarani. Waya wa klachi, waya wa mafuta, waya au bomba la breki na nyaya za umeme za swichi vyote vilikatwa kwa urefu wa usukani wa kiwandani. Kuongeza kimo kwa sentimita 2 mara nyingi hupita na nyaya za zamani zikipangwa upya. Sentimita 4 au 5 mara nyingi hazipiti, na gharama ya nyaya mpya inaweza kuzidi ya usukani. Muuzaji mwaminifu huitaja gharama hiyo kabla ya kupokea pesa.

Jaribio lake ni rahisi na lisirukwe. Pikipiki iwe kwenye stendi, gia huru, injini inanguruma taratibu. Usukani uzungushwe polepole hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta unavutwa, na dereva huyo siku moja atakata kona kwenye njia nyembamba na pikipiki itaruka mbele bila yeye kutaka. Wenzo wa klachi uwe na ulegevu wa karibu milimita 10 hadi 15 kwenye ncha katika kila upande wa usukani. Mkono wa mafuta ukiachiwa ujirudishe wenyewe, haraka, usukani ukiwa popote. Kwenye pikipiki yenye breki ya mafuta mbele, bomba lake lisinyooke kama kamba ya nguo, na kikopo cha mafuta ya breki kikae sawa bila kulala.

Swichi nazo zina hila yake. Nyingi zina pini ndogo inayoingia kwenye tundu la usukani ili zisizunguke. Usukani mpya usipokuwa na tundu mahali pale, mafundi wengi hukata pini kwa tupa. Upande wa kushoto hiyo ni kero tu. Upande wa kulia, ambako nyumba ya mkono wa mafuta ndiyo yenye pini, ni hatari, kwani ikizunguka inavuta waya. Njia bora ni kufunga swichi bila kukaza, kukaa kwenye pikipiki, kuweka alama pale pini inapogusa, na kutoboa tundu dogo la kipimo cha pini kisha kulisafisha ukingo wake. Tundu liwe moja. Matundu matatu ya kujaribu ni nyufa tatu zinazosubiri.

Anayevuka mpaka akumbuke jambo moja dogo: Burundi huendesha kulia na Tanzania kushoto. Usukani haujali, klachi iko kushoto na breki ya mbele kulia pande zote mbili. Ila vioo vya pembeni vifungwe viwili, kwa sababu kioo kimoja kilichomtosha dereva Nyanza-Lac kitakuwa upande usiofaa akishafika Kasulu.

MPAKANI

Usukani mwingi unaouzwa kwenye ukanda huu umetengenezwa India au China, uwe umepitia Dar es Salaam na Kigoma au umeagizwa moja kwa moja na wafanyabiashara wa Bujumbura. Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wanapojikuta pabaya Mugina. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuingia katika umoja wa forodha mwaka 2009, na wengi wamesikia kwamba mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili. Ni kweli, lakini cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Usukani wa India hauwi wa Tanzania kwa sababu umenunuliwa Kigoma. Mwenye katoni za spea ajiandae kwa ushuru wa kawaida wa Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, na awe na ankara halisi ya duka.

Katika orodha ya forodha, vipuri vya pikipiki viko chini ya namba 8714, kifungu cha 8714.10. Vipuri vya baiskeli viko chini ya namba hiyohiyo ya 8714 lakini kwa vifungu vyake. Katoni iliyoandikwa "usukani" peke yake inakaribisha maswali, na kuandika "wa baiskeli" ili kupunguza mambo ni njia ya kupoteza katoni. Ankara itaje idadi, aina ya pikipiki na kama ni chuma au alumini.

Barabara yenyewe inabadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi unaojumuisha kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza kwa upande wa Burundi, na kilomita 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu kwa upande wa Tanzania. Lami mpya inaongeza mwendo, na usukani uliokuwa ukitikisika kidogo kwa kilomita 30 kwa saa hutikisika vibaya kwa 70. Njia za juu, zinakotoka mawese, bado ni za udongo.

KUFUNGA

Kazi ianze kwa kusafisha vibano. Mchanga au rangi iliyobaki ndani hufanya usukani uteleze hata bolti zikikazwa hadi kulia. Usukani ulazwe katikati, kwa kufuata alama zake kama zipo, na pembe yake ifuate mwelekeo wa shokapu: ukilazwa mbele sana au nyuma sana, wenzo wa breki hauendi kwenye vidole.

Vibano vingi vya Kijapani vina kitone kilichogongwa juu, na kitone hicho huelekezwa mbele. Kwa vibano vya namna hiyo, bolti za mbele hukazwa kwanza hadi mwisho, kisha za nyuma, na mwanya mdogo hubaki upande wa nyuma. Huo mwanya ni wa makusudi. Fundi anayejaribu kuuziba kwa kukaza zaidi atavunja kibano au kukata uzi wa bolti. Vibano visivyo na alama hukazwa kidogo kidogo kwa zamu ili mianya ya mbele na nyuma ilingane. Spana ya kawaida ya mkono inatosha. Bomba la kurefusha spana liachwe kwa nati za gurudumu la lori.

Mpira wa mkono wa kushoto ufungwe ukiwa mkavu au kwa gundi yake, kamwe si kwa mafuta au grisi, kwani mpira unaozunguka mkononi kwenye mteremko humwangusha dereva sawasawa na usukani uliokatika. Ncha za bomba zizibwe. Maji yanayoingia humo hayaonekani, na kutu ya ndani ndiyo inayokula usukani wa chuma ambao nje bado unang'aa. Baada ya siku ya kwanza ya kazi, bolti zote nne za vibano zijaribiwe tena kwa spana, pamoja na skrubu za swichi.

Na usukani wa zamani, ukishatoa vipimo vyake, ukatwe vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuuzwa kama chuma chakavu. Usipokatwa, mtu ataunyoosha, ataupaka rangi nyeusi, na utarudi kuuzwa sokoni Rumonge.